Mashoto wa Kwenye Kioo

Mama mdogo wangu amenizidi umri kidogo tu, kiasi kwamba wageni hudhani tulisoma darasa moja. Lakini jaribu kumwita kwa jina mbele ya mama yangu uone cha moto. Kwa hiyo ni Mamdogo, na yeye kwa kulipiza ananiita mwanangu, tena kwa sauti, hasa mbele ya watu ninaotaka wanione mtu mzima. Kwenye bendi anakopiga drams wanamwita Mashoto. Na kwenye saluni ya mama yangu, anakofanya kazi ya kuosha na kusuka, wateja wanamwita "yule mwenye mikono", na hiyo ni sifa. Akikuosha kichwa, unaoshwa kwa mapigo. Anaanzia kisogoni taratibu, anapanda utosini, akifika kwenye paji anaongeza kasi, na mteja aliyefumba macho anatikisa mguu bila kujua. Kuna mama mmoja wa benki huja kuoshwa nywele ambazo hata hazijachafuka.

Wiki ile, mama wa benki ndiye aliyelalamika wa kwanza.

"We binti, leo vipi? Unanikuna au unanipiga?"

"Nisamehe, mama yangu. Mawazo."

"Mawazo yako yaweke kwenye kichwa chako. Hiki ni changu."

Chuo cha muziki kilikuwa kimemkubali. Alitakiwa kujibu Jumatatu: anakuja au haji. Mtu mwingine angekuwa ameshafunga begi na kuaga mtaa mzima, hata wale asiowapenda. Yeye tangu arudi kutoka kwenye usaili hakutulia. Akikaa anasimama, akisimama anatafuta pa kukaa. Alifagia nywele ambazo zilikuwa bado hazijakatwa. Alipanga rola kwa rangi, akazivuruga, akazipanga kwa ukubwa, akazivuruga tena. Ukingo wa beseni, mgongo wa kiti, goti lake, goti langu: chochote kilichokuwa karibu kilipigwa.

"Nenda au baki," Mama akamwambia, "lakini acha kunitikisia saluni. Vioo vitadondoka."

"Dada, si jambo la kuamua juu juu."

"Jambo gani? Umeomba chuo, chuo kimekubali. Au unataka kuniletea nusu nusu kama za huyu?"

Huyu ni mimi. Nina diploma iliyosimama katikati kama ngazi ya nyumba iliyoishiwa simenti, na Mama huitolea mfano katika kila hotuba. Nilikuwa nimeshika taulo. Nikaendelea kulishika kwa heshima.

"Mimi yangu imepumzika tu, Mama."

"Imepumzika kwa amani," akajibu, na wanawake wote waliokuwa chini ya drayer wakacheka, hata wale ambao kwa kelele za mashine hawakuwa wamesikia.

Mama hakujua kilichotokea kwenye usaili. Mimi nilijua kwa sababu nilikwenda naye kumbebea begi, na pia kwa sababu siku hiyo saluni kulikuwa na vyombo vingi vya kuosha.

Chumba chenyewe kilikuwa chini ya ngazi, kuta zimebandikwa sponji za kijivu ili kelele zisitoke, na zulia limechakaa kwa duara pale wapigaji wanapoketi. Drams zilikuwa katikati. Mwalimu alikuwa mtu mrefu, mpole, miwani ikimning'inia shingoni kwa kamba. Akamkaribisha aketi. Mamdogo hakuketi. Kama kawaida yake, alianza kuhamisha vitu: vile visahani viwili vinavyobanana, ambavyo kila mpigaji huviweka kushoto, yeye akavipeleka kulia; ile ngoma nene ya sakafuni akaileta kushoto; pedali ya ngoma kubwa akaisogeza ikae chini ya mguu wa kushoto.

"Ah, mashoto," Mwalimu akasema, akamsaidia kubeba. "Hapa tunao wawili. Hakuna tabu."

Akapiga. Mimi muziki siujui kwa maandishi, lakini Mamdogo namjua. Mkono wake wa kulia ukishuka kwenye snea, ile ngoma ndogo yenye nyaya chini, inapasuka kama mlango uliofungwa kwa hasira. Mkono wa kushoto, uliokuwa kwenye visahani, unachelewa kidogo tu. Kidogo kiasi kwamba huwezi kusema umechelewa, ila kiuno chako kinajua. Mapigo yanachechemea, kama mtu mwenye madaha anayeshuka ngazi. Huo mchechemeo ndio uliofanya bendi yao ijaze watu wanaokuja kucheza, na mpaka siku ile mimi nilidhani ni kipaji na basi.

Alipomaliza, Mwalimu akampa kalamu aandike jina. Akaandika kwa mkono wa kulia. Mwalimu akautazama ule mkono. Akachukua chupa ya maji, akamrushia bila kumwonya. Akaidaka kwa mkono wa kulia. Mwalimu akakunja karatasi ikawa mpira, akaiweka sakafuni.

"Hebu ipige teke."

Mguu wa kulia. Karatasi ikagonga sponji ikaanguka bila sauti.

"Mama, wewe si mashoto."

"Nikishika fimbo za drams ni mashoto, Mwalimu. Nikishika kijiko ni wa kawaida. Si ndivyo watu walivyo?"

"Sijawahi kumwona mtu wa hivyo. Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Nilikuwa naangalia tu televisheni ya saluni, wanapopiga mabendi. Halafu naiga kwenye mabeseni."

Hapo mimi nikaelewa, na nikacheka mpaka nikakaa chini kwenye zulia. Niwaeleze. Saluni yetu soketi ni moja tu inayofaa, na iko ukuta wa nyuma. Kwa hiyo televisheni imetundikwa nyuma ya viti. Anayesukwa haioni, anaiona kwenye kioo kilicho mbele yake. Anayesuka vilevile: mikono iko kwenye nywele, uso uko kwenye kioo. Tumezoea. Kwenye mpira, timu yetu hushambulia upande usio wake. Msomaji wa habari tunaamini anachana nywele kulia, na siku Mama alipomwona kwenye televisheni ya jirani alisema mwanamume amebadilisha mtindo na haujampendeza.

"Mwalimu," nikasema, nikipangusa macho, "amejifunza kwenye kioo! Wote aliowaona wamegeuzwa!"

Mwalimu alicheka. Mamdogo hakucheka. Aliangalia mikono yake, mmoja kisha mwingine, kama mtu aliyeambiwa kwamba amevaa viatu vya watu wawili tofauti.

"Tutakuchukua," Mwalimu akasema baadaye. "Una sikio, una nguvu, na sikumbuki mtu wa mwisho aliyenitikisa mguu kwenye usaili. Ila mwaka wa kwanza tunageuza drams. Unaanza upya. Unaanza kulia."

"Nianze kulia?" Machozi yake yalikuwa tayari njiani.

"Mkono wa kulia, mama. Ingawa na kule kulia kwingine kutakuwepo."

"Lakini mbona hao wawili wako umewaacha kushoto?"

"Wale ni mashoto kweli. Wewe umeazima. Siwezi kukufundisha mkono usio wako."

"Na huu mchechemeo wangu?"

"Ndio huo nausema. Mkono unachelewa kwa sababu hauna nguvu. Ukiuhamisha, mchechemeo utaondoka."

"Utarudi?"

Mwalimu akaichezea kamba ya miwani. "Sijui. Nikikwambia utarudi nitakudanganya. Mimi pia nilikuja hapa na kitu changu. Wakaninyoosha mpaka sikumbuki kilikuwa nini. Lakini tangu siku hiyo sijapewa kazi nikashindwa kuipiga." Alisema bila huzuni wala majivuno, kama mtu anayekutajia namba ya kiatu chake.

Basi ndiyo hali aliyorudi nayo nyumbani. Akienda chuo, kile kitu kinachowaleta watu kwake kinaweza kufa. Asipokwenda, atabaki nacho, na chuo hakimwiti tena.

Akaanza kujichunguza. Mlango anafungua kwa mkono gani? Kiatu gani anatangulia kuvaa? Barabarani alikuwa akisimama ghafla kwenye ukingo wa lami kuangalia ni mguu gani umeshuka kwanza, na watu wa nyuma wanamgonga. Mezani akajaribu kula kwa kushoto. Mchuzi ukaenda kwenye mkono wa gauni.

"Una nini mkononi?" Mama akauliza.

"Nauangalia tu, Dada."

"Uangalie ukiwa hauna ugali."

Tulipokuwa tunaosha taulo kwenye karo la uani, akanigeukia. Alikuwa akikamua taulo moja kwa muda mrefu, maji yalishaisha humo.

"Mwanangu, wewe ulijuaje kwamba chuo ni cha kuacha?"

"Sijaacha, ime..."

"Nauliza kweli."

Nikaona hanitanii. "Nilikuwa nakwenda kila asubuhi," nikamwambia, "nikisubiri siku ambayo nitataka kwenda. Haikufika. Wewe je?"

"Mimi nataka kupita kiasi. Ndiyo maana naogopa. Kama ningekuwa sitaki, ningeshakubali."

Nikalichukua lile taulo nikalianika bila kutania. Hilo hunitokea mara chache, na silipendi.

Jumamosi mchana tukaenda mazoezini. Bendi yao hufanyia mazoezi kwenye chumba cha nyuma cha karakana ya samani. Mwenye karakana ni kiongozi wa bendi, anapiga gitaa la besi, na kila mtu anamwita Besi, mpaka mke wake. Kuna harufu ya vanishi na unga wa mbao, na waimbaji hukaa kwenye vitanda ambavyo bado havijapata wateja. Besi alikuwa ameshasikia habari za chuo, hata za kioo. Mtaa wetu habari hazihitaji simu.

"Mashoto wangu," akasema, akikaza nyuzi, "watakunyoosha hao. Utarudi hapa kama rula. Na rula mimi ninazo, ziko pale kwenye ukuta."

"Sijaamua, Besi."

"Amua basi ukiwa hapa. Leo tuna wimbo mpya. Huu ni wa kutulia, upige wima kabisa. Usicheche­mee."

Akahesabu, wakaanza. Mapigo yakachechemea. Besi akasimamisha. Wakaanza tena. Mamdogo alikuwa ameuma mdomo, anautazama mkono wake wa kushoto kama mtu anayemchunga mbuzi karibu na shamba la jirani. Yakachechemea. Mara nyingine tena, wakiwa taratibu zaidi: ndiyo kwanza ikawa wazi, maana mchechemeo nao ulipata nafasi ya kujinyoosha.

"Haya, achana nao," Besi akasema, akicheka. Alicheka kwa upendo, nataka hilo lieleweke. "Huu tutautafutia mtu mwingine aurekodi. Wewe tupige ule wetu wa kila siku. Mchechemeo wako uleule wanaoulipia watu."

Wakaanza ule wa kila siku. Wimbo ambao Mamdogo amewahi kuupiga huku anagombana nami kuhusu nani amemaliza sukari. Na safari hii mchechemeo haukuja. Hakuwa ameupiga wima, hapana. Kilitoka kitu kisichochechemea wala kutembea, kama mtu aliyeambiwa atembee kawaida mbele ya kamera. Mwimbaji aligeuka kuangalia kama amebadilishiwa mpigaji.

"Mashoto, vipi?"

"Nausikiliza."

"Usiusikilize! Upige!"

Akajaribu. Akafumba macho. Akaanza upya, akaacha, akajifuta viganja kwenye sketi, akaanza. Kuna mahali katikati alijisahau, na hapo ukaja wenyewe, mzima, mtamu, hata mimi nikainua bega. Na mara tu uso wake ulipoonyesha kwamba ameusikia, ukakimbia. Akaweka fimbo juu ya snea.

"Nikiuita hauji," akasema, "nikiufukuza hauondoki."

"Ni maneno ya huyo mwalimu yamekuingia. Yatatoka. Yape wiki mbili."

"Hayatatoka, Besi. Na ukiacha hayo maneno, umeona wimbo wa kwanza? Nimeshindwa kitu anachopiga mtoto wa kanisani. Siku zote umeniambia nina mtindo. Mtindo si ni kitu unachoweza kuacha ukitaka? Mimi siwezi kuacha. Mimi nilikuwa nachechemea tu, na nyie mnacheza."

"Na hiyo ni mbaya? Watu wanatafuta kitu kama hicho maisha yao yote, wewe unataka kwenda kukitupa!"

"Sitaki kukitupa. Nataka mimi ndiye niwe mwenye nyumba. Nikikifukuza kitoke, nikikiita kije. Sasa hivi mimi ni mpangaji wake."

"Na kisiporudi?"

Mguu wake wa kushoto ulikuwa ukigonga pedali bila yeye kutaka, ngoma kubwa inanguruma chini chini, na kwa mara ya kwanza wiki ile nilimwona akiuachia uendelee bila kuuchunguza.

"Kisiporudi nitalia," akasema. "Jumatatu asubuhi nampigia simu Mwalimu. Nakwenda."

Waimbaji wawili waliokuwa kitandani wakaangalia miguu yao. Besi akalaza gitaa lake kwenye meza ya kupigia randa, taratibu mno, kama mtu anayezuia mikono isilitupe. Halafu akaja pale kwenye drams. Hakumtukana. Alifanya kibaya zaidi: akachukua spana akaanza kulegeza skrubu. Visahani vilivyokuwa kulia akavihamishia kushoto, pedali akaisogeza kulia. Ngoma ya sakafuni akaikokota kwa mguu kwenda kulia, ikilalamika juu ya saruji.

"Besi, unafanya nini?" nikauliza.

"Nageuza. Mpigaji nitakayemtafuta hatakuwa mashoto. Wala hatakuwa wa kwenye kioo." Akamgeukia Mamdogo. "Nenda shule, dada yangu. Nenda ukafundishwe mkono."

Mamdogo akachukua mkoba wake. Tukafika mlangoni, mimi nikiwa mbele, nikijiandalia sentensi kali ya kumwachia Besi, na ilikuwa nzuri kweli. Nikageuka niitoe, nikakuta nyuma yangu hakuna mtu. Amerudi. Ameketi kwenye drams zilizogeuzwa, zilizokaa kama za watu wote, na anavuta kiti mbele, anakirudisha nyuma, hajui magoti ayaweke wapi.

"Nihesabie," akasema.

"Nikuhesabie nini?" Besi bado ana spana mkononi.

"Moja, mbili, tatu, nne. Au na wewe hiyo umesahau?"

"Mama, ondoka hapo, nina kazi."

"Besi. Kaka yangu. Nihesabie."

Akahesabu, kwa sauti ya mtu anayehesabu misumari ya jeneza. Na Mamdogo akaanza.

Nimeishi na yule mwanamke miaka yote, nimemsikia akipiga masufuria, madirisha, meza za watu, kichwa changu. Sijawahi kusikia kitu kibaya namna ile. Mikono iligongana hewani. Mguu wa kulia ulikanyaga pale wa kushoto ulipokuwa ukikanyaga, ukajikuta peke yake. Ile snea iliyokuwa ikipasuka kama mlango, sasa ilisikika kama mtu anayebisha hodi huku akiomba asifunguliwe. Mwimbaji mmoja alijifunika uso kwa mto.

Besi alijaribu kubaki na hasira. Nilimwona akijitahidi, midomo ameibana, anaangalia dari. Halafu fimbo ya Mamdogo ikamponyoka, ikapita karibu na sikio langu, ikaingia kwenye ndoo ya vanishi, na yule bwana akavunjika kwa kicheko mpaka akashika ukuta. Mamdogo naye akacheka, makamasi na machozi pamoja, lakini hakuinuka. Akanyoosha mkono wa kulia kuomba fimbo nyingine.

Besi akampa. Akapangusa macho kwa kiganja chenye unga wa mbao, akajichafua uso, akaenda kwenye meza ya randa na kuvaa gitaa lake.

"Polepole basi," akasema. "Polepole kabisa. Nami nisikie unakwenda wapi."

Wakaupiga ule wimbo mpya, ule wa wima, mwanzo hadi mwisho, kwa mwendo wa kulaza watoto. Ulikuwa mbaya.

"Tena," Mamdogo akasema.